Hivi mtu akikwambia barua pepe yako ni "peremptory" amekutukana au amekusifia?

Kijana wa Nyegezi:
Wadau habari za jioni. Naombeni msaada, hasa nyie mliosoma kiingereza cha ndani ndani. Niko Mwanza, nafanya kazi kwenye mradi ambao mkuu wetu yuko Uingereza, tunawasiliana kwa barua pepe tu, sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Sasa wiki iliyopita nilikuwa nahitaji nakala ya mkataba iliyosainiwa niipeleke benki, mwisho ilikuwa Ijumaa, nikamwandikia hivi nanukuu: "Send me the signed copy before Friday. I am waiting." Basi. Kwa akili yangu nimeandika kiingereza kilichonyooka, nukta ipo, herufi kubwa ipo, hata mwalimu wangu wa form two angeweka vema. Mkataba kautuma siku hiyohiyo ila chini kabisa kaweka kamstari kamoja eti ameona lugha yangu "a little peremptory".

Mwanzo nikajua nasifiwa maana neno lenyewe refu. Nikaingia kwenye kamusi ya simu nikakutana na mambo ya amri, mambo ya kutaka utiiwe hapohapo bila kuulizwa, nguvu zikaniisha. Mimi nimwamrishe bosi? Nina mke na watoto wawili jamani.

Kwahiyo naomba kujua hili neno ni tusi au sio tusi, limetoka wapi, lina undugu na ile "preemptive" ya kwenye habari za vita au yanafanana tu sura, na kwa kiswahili tungesemaje. Na niombe radhi au nikae kimya? Msinicheke.

Mchokozi wa Kariakoo:
Hahahaha "I am waiting" ndo imekuponza mkuu. Hapo ni kama umesimama mlangoni kwake umeshika kiuno.

Mwalimu Mstaafu:
Kijana marahaba, naitikia ile shikamoo uliyoisahau.

Nimefundisha kiingereza sekondari miaka 31, sasa hivi nafuga kuku tu, ila hili ngoja nilijibu. Sio tusi. Ni neno la suti na tai, la ofisini na mahakamani, mtu akitaka kukuchana wazi hatumii hilo, atasema "rude" au "bossy". Peremptory ni kauli inayotolewa kwa namna ambayo anayeisikia anabakiwa na kitu kimoja tu cha kufanya, nacho ni kutii. Haihitaji hasira, haihitaji sauti kubwa, mtu anaweza kunong'ona ikawa peremptory vilevile. Tena sio lazima yawe maneno. Ukigonga mlango wa mtu mara tatu ngo ngo ngo kama umetumwa na serikali, huo ugongaji wa mlango unaweza kuitwa peremptory, na trafiki akikunyooshea kiganja bila hata kukutazama, ndiyo hiyo. Kutamka, mkazo uweke kwenye silabi ya pili, pa-REMP-ta-ri.

Watu wengi wanalichanganya na "imperious". Hilo ni la tabia, mtu anayejiona kazaliwa kutawala wenzake hata mezani wakati wa kula. Limetokana na "imperium" ya kilatini, mamlaka ya kuamuru jeshi kule Roma, ndugu zake ni "emperor" na "empire" na hata ile "imperative" tuliyokuwa tunawafundisha darasani. Warumi walikuwa na mtu wamempachika kabisa jina la Imperiosus kwa ukali wake, Lucius Manlius, na mwanawe Titus akalirithi jina na akalistahili kuliko baba. Mwaka 340 KK huyo Titus akiwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wa Roma, vitani alitoa amri hakuna mtu kutoka kwenye safu kwenda kupigana peke yake na adui. Mwanawe wa kumzaa akachokozwa na adui, akatoka, akapigana, akashinda, akarudi amebeba silaha za yule adui amwonyeshe baba. Baba akaamuru akatwe kichwa mbele ya jeshi zima. Nimeshawahi kusimulia hii darasani, dawati la nyuma likaacha kupiga kelele.

Sasa angalia. Imperious anakuwa mtu, peremptory mara nyingi inakuwa kauli yenyewe. Mkuu wako kasema lugha yako, hajasema wewe. Hapo unaweza kulala.

Kijana wa Nyegezi:
Shikamoo mwalimu, samahani sana, presha ilikuwa juu. Asante nimeelewa. Ila mbona kamusi ilisema pia mambo ya mahakama, hapo ndo sikuelewa kabisa, mahakama na barua pepe yangu wapi na wapi.

Wakili Msomi, Arusha:
Mkuu hapo kwenye mahakama ndiko neno lilikozaliwa, wewe umekutana nalo likiwa limeshazeeka likahamia ofisini.

Iko hivi. Kwenye sheria za Warumi, ukimshtaki mtu halafu haonekani mahakamani, unamwendea hakimu anatoa tangazo la kumwita. Hajaja? Linatoka la pili baada ya siku zisizopungua kumi. Hajaja tena, la tatu. Sasa baada ya hapo ndo unaomba lile tangazo lenyewe, "edictum peremptorium", ambalo linamwambia uje usije shauri litasikilizwa na litaamuliwa. Sisi huku tunasema kusikilizwa upande mmoja, ni jambo lilelile. Mwanasheria wao Ulpianus aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 3 alieleza kabisa kwa nini linaitwa hivyo, kwamba linaua mabishano, yaani halimwachii mpinzani nafasi ya kuendelea kuzungushazungusha. Maelezo yake yakaja kuingizwa kwenye ule mkusanyiko mkubwa wa sheria wa mfalme Justinian mwaka 533, ndo maana mpaka leo tunayasoma. Na hakimu akiona mambo ni ya haraka alikuwa anaweza kuruka hatua, anatoa tangazo moja tu linalobeba yote.

Halafu kulikuwa na pingamizi za aina mbili. Kuna ya kuchelewesha, mfano aliotoa Gaius, mwanasheria mwingine wa Kirumi, ni mlikubaliana asikudai ndani ya miaka mitano, kaja kudai mwaka wa pili, unamwambia rudi nyumbani subiri muda ufike. Na kuna hiyo ya peremptory, mfano ulisaini kwa kutishwa au kwa kulaghaiwa, hiyo haina kusubiri, ikikubaliwa dai limekufa. Ukiwa wakili wa Afrika Mashariki unatabasamu hapo maana pingamizi la awali tunaloinua kila siku mahakamani ni mjukuu wa mambo hayohayo. Nenda kwenye ile kesi maarufu ya biskuti, Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, Jaji Law akasema pingamizi la awali ni hoja ya kisheria ambayo ikijadiliwa mwanzoni inaweza kumaliza shauri lote. Kila mwanafunzi wa sheria kuanzia Kampala mpaka Dar anaijua ile kesi hata kama hajawahi kula hizo biskuti.

Kwahiyo kiini cha neno sio ukali. Ni kufunga mlango wa majibu. Rudi kwenye meseji yako uisome upya: umempa siku ya mwisho, hujamwambia ni ya nini, hujamuuliza kama anaweza, halafu umemalizia kwamba unasubiri. Hujamwachia pa kuongea. Ungeweka hata "please" mbele bado ingekuwa vilevile tu imevaa kilemba.

Mchokozi wa Kariakoo:
Yaani kijana kampelekea bosi tangazo la nne bila kupitia la kwanza la pili na la tatu 😂

Mwana Bukavu:
Jambo wandugu. Miye niko Bukavu, kiingereza nakijua kidogo tu, lakini hii neno tunayo mu kifaransa, "péremptoire", maana ni ileile, mutu anasema na hautaweza kumujibu. Lakini niwaambie kitu. Ku karatoni ya dawa kunaandikwaka "date de péremption", ni ile siku dawa inaisha nguvu, na dawa ikipita ile siku tunasema iko "périmé". Ni familia moja na hii neno yenu. Wakili anasema tangazo linaua mabishano, sawa, huku kwetu ni dawa ndio inakufa. Sikuwahi kuyaunganisha mpaka leo nikisoma hapa, nimeinuka nikaenda kuangalia kopo ya dawa ya mutoto.

Mwalimu Mstaafu:
Mwana Bukavu umenifurahisha sana, hilo la dawa sikulifikiria kabisa mimi. Na ndiyo, ni ukoo mmoja. Kilatini "perimere" ni kuondoa kabisa, kuangamiza, kuua. Ndani yake kuna "per" ya kukazia, yaani mpaka mwisho, na "emere" ambayo zamani ilikuwa kuchukua na baadaye ikawa kununua. Ukishaijua hiyo "emere" utaiona kila mahali. "Exempt" ni aliyechukuliwa nje ya kundi, ndiyo aliyesamehewa kodi. "Example" ni kilichochukuliwa nje kiwe sampuli, kama unavyochota kiganja cha mchele kwenye gunia uuangalie. "Prompt" ni kilichotolewa mbele kikawa tayari.

Na ile uliyouliza kijana, "preemptive", ni ndugu wa damu kabisa, ila herufi za mwanzo zimebadilisha kila kitu. "Prae" ni kabla, kwahiyo ni kununua kabla wengine hawajanunua, baadaye ndo ikaingia vitani kwa maana ya kumuwahi adui. Wenyewe Waingereza wanachanganya wanaandika "preemptory" na hakuna anayewachapa.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni "redeem". "Red" ni kurudisha, "emere" kununua, kununua kitu kikurudie. Hebu fikiria kiswahili sasa. Mtu kaweka pete rehani, akienda kuichukua tunasema anaikomboa. Na kanisani tunaimba Mkombozi. Neno moja la dukani na la mbinguni, kwetu na kwao, wote tu tumewahi kudaiwa.

Dada wa Minnesota:
Mmenikumbusha mbali nyie. Mimi nimeshafanyiwa hiyo peremptory laivu. Nilivyopata uraia huku Marekani haukupita muda nikaletewa barua ya kwenda kutumikia kwenye baraza la wananchi wanaoamua kesi, wanaita juri. Mnafika watu wengi, mnakalishwa, mawakili wa pande zote wanawauliza maswali mmojammoja, unafanya kazi gani, umewahi kuibiwa, unawaonaje polisi. Mimi nikajibu vizuri tu, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Wakateta kwa hakimu, mara nikasikia namba yangu inatajwa, asante unaweza kwenda. Kwa nini? Hakuna kwa nini. Nikamuuliza mama mmoja wa pale akaniambia ni "peremptory challenge", upande wowote unaweza kumkataa mtu bila kutoa sababu, na huna pa kuuliza.

Nikafuatilia baadaye maana ilinikaa rohoni. Kwenye kesi kubwa za jinai za mahakama za shirikisho upande wa mshtakiwa wanapewa kukataa watu 10, serikali 6, na kama ni kesi ya adhabu ya kifo kila upande 20. Ila watu weusi walikuwa wanaondolewa sana kwa mlango huo, mpaka mwaka 1986 Mahakama Kuu kabisa kwenye kesi ya Batson ikasema sio ruhusa kumkataa mtu kwa rangi yake, ukituhumiwa inabidi utoe sababu. Sasa ikishatolewa sababu peremptory iko wapi hapo 😅 Arizona wao wameifuta kabisa tangu 2022.

Sijui nilikataliwa kwa rangi, kwa lafudhi au kwa wale wazee wangu. Siku ile nilifurahi kwenda kulala, siku ya pili ndo nikaumia.

Wakili Msomi, Arusha:
Pole dada. Uingereza nako walizifuta kwa sheria ya mwaka 1988. Sisi Tanzania hatuna juri, wazee wa baraza wa kumshauri jaji ni kitu kingine hicho.

Niongeze moja halafu niende zangu. Kwenye sheria za kimataifa kuna "peremptory norms", zimo kwenye kifungu cha 53 cha Mkataba wa Vienna wa 1969 unaohusu mikataba. Nchi mbili haziwezi kukaa mezani zikakubaliana, mfano, kufanya biashara ya watumwa. Mkataba huo ni batili hata wasaini kwa damu. Hapo ndo utaona neno likiwa zuri, mlango umefungwa na tunashukuru umefungwa.

Msee wa Rongai:
Haya mambo ya Roma ni sawa lakini wacha tuseme ukweli, hii shida ni ya lugha yetu. Mimi niko Nairobi, nikienda kibandani nasema "nipe chai na mandazi mbili" na hakuna mtu anaumia, ananipa, nakula, nalipa, naenda. Siku moja nilikuwa Dar kwa kazi nikaingia hotelini nikasema nipe chai, yule dada aliniangalia ni kama nimemtusi mamake. Mwenye alikuwa nyuma yangu akasema "naomba chai dada angu" na akapewa kwanza! Na mimi ndio nilikuwa mbele!! Kwa hivyo kumbe mimi ni peremptory na sikuwa najua.

Binti Chumbageni:
Msee pole, ulipaswa kuanza na salamu, halafu habari ya asubuhi, halafu hata ukisema nipe anakupa. Huku Tanga mtu anaomba hata anachokilipia. Unaomba chumvi, unaomba chenji yako mwenyewe, unaomba kupita. Ila tusidanganyane, na sisi tuna peremptory yetu. Mama mkwe wangu hajawahi kunipa amri hata siku moja, anasema tu "naona vyombo bado viko pale". Nani atajibu hapo? Hebu jibu!

Mwalimu Mstaafu:
😂 Binti umeua. Hiyo ndiyo yenyewe, haina hata kitenzi cha kuamuru na imefunga mlango.

Na Msee ujitetee hivi ukirudi Dar: "nipe" haijakaa kama "lete". Ukiweka mtendwa pale mbele kitenzi kinaishia na e, niletee, nisaidie, mwambie, inakaribia kufanana na "ulete", "usaidie", zile za kuomba na kutakia. "Lete!" peke yake, ingawa nayo ina e, haina mtendwa, ni ya sajini. Kiingereza hakina huo ulaini ndani ya kitenzi, "send" ni "send", ukitaka kuilainisha inabidi uzunguke nje, "could you", "would you mind", "when you get a chance". Sisi ulaini tumeuweka kwenye kiambishi na kwenye sauti, sasa tukihamia kiingereza tunavua koti mlangoni tunaingia na singlendi. Hilo ndilo lililompata huyu kijana, wala sio jeuri.

Kijana wa Nyegezi:
Mwalimu asante, sasa naanza kupumua. Na kwa kiswahili je? Mimi nilifikiria "kauli ya mkato".

Mwalimu Mstaafu:
Umekaribia. Jibu la mkato tunalo, lakini mkato ni ufupi kwanza. Mtoto aliyenuna anajibu "sijui", ni mkato huo, lakini hakuamrishi chochote. Kamusi zinaweka "-a kuamrisha", ni sahihi ila ni baridi, inakosa ule mlango.

Binti Chumbageni:
Sisi tungesema kaongea "kiaskari".

Wakili Msomi, Arusha:
Kwenye tafsiri za mahakamani mimi huwa naandika "isiyo na mjadala". Amri isiyo na mjadala. Hata yule Ulpianus angeridhika, mabishano yamekufa.

Mwana Bukavu:
"Isiyo na mjadala" ni muzuri sana. Lakini ku dawa haiingii 😄

Mchokozi wa Kariakoo:
Kijana usiombe radhi ya magoti, ataona ajabu. Na hiyo "a little" usiipuuze, Mwingereza akisema kidogo jua amepunguza mwenyewe kwa heshima yako.

Kijana wa Nyegezi:
Wadau mrejesho. Nimemwandikia jana nikamweleza kwamba kwa lugha yetu ulaini unakaa kwenye kitenzi, nikaweka na ile ya nipe na lete, nikasema sikukusudia kuamrisha. Kajibu vizuri sana, kacheka, kasema hakujua kabisa na yeye atajifunza kusema naomba. Halafu mwisho wa barua kaandika hivi: "Please let me have the quarterly report by 5pm today."

Msee wa Rongai:
Hiyo ni tangazo la nne hiyo. Iko na "please" lakini imevaa kilemba, wakili alisema.

Binti Chumbageni:
Na saa kumi na moja ya wapi, ya kwao au ya Mwanza?

Kijana wa Nyegezi:
Uwiii sikuuliza. Ngoja nikimbie.